Namna ya Kupanda Daladala Wima na Kushuka Wima

Ndugu abiria, umeingia garini, viti vimejaa tangu kituo cha kwanza, na konda anakuambia usogee nyuma. Sogea. Mwongozo huu ni wako wewe uliyesimama. Ukiufuata utafika Posta bila kukalia mapaja ya mtu usiyemjua, bila kumwagia mama wa watu uji, na bila kugombana na dereva kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tuanze na hilo kosa. Dereva akikanyaga breki ghafla, wote waliosimama hurushwa mbele na lawama huanza: dereva anatusukuma, dereva amebeba watu kama mbuzi. Pengine kweli anaendesha vibaya, lakini hajakusukuma. Hakuna chochote ndani ya gari kilichokusukuma kwenda mbele. Kabla ya breki, wewe na gari mlikuwa mnakwenda pamoja, tuseme kilomita 40 kwa saa. Breki zimeshika magurudumu, lami imeyazuia magurudumu, gari likapunguza mwendo. Wewe breki hazikukushika. Nyayo zako zimepunguza mwendo pamoja na sakafu, ila kiwiliwili kimeendelea na kilomita zake 40, na kiti cha mbele kikakipokea.

Wanafizikia huita tabia hii inesha. Isaac Newton aliiweka kuwa sheria ya kwanza ya mwendo katika kitabu chake cha mwaka 1687: kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho mwendoni huendelea kwa mwendo ule ule, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe. Kani ni nguvu yoyote ya kusukuma au kuvuta. Itafakari sheria hiyo ukiwa umeshika bomba la daladala, maana humo ndani inakuhusu kuliko darasani. Inasema kwamba kusimama hakuji kwenyewe. Chochote kilichowahi kusimama kilisimamishwa na kitu. Kazi yako garini ni kuchagua mapema kitakachokusimamisha: mkono wako kwenye bomba, au kisogo cha aliyekaa mbele.

Ukiona vigumu kuamini, uko pamoja na watu wenye akili sana. Aristotle, aliyefundisha Athens zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishika kwamba kitu hakiendi bila cha kukisukuma, na msukumaji akiacha, mwendo nao huisha. Kila anayesukuma mkokoteni Kariakoo angemuunga mkono, kwa kuwa mkokoteni ukiacha kuusukuma unasimama. Unasimamishwa na msuguano wa ekseli, wa matairi na wa mchanga wa barabarani. Msuguano huo hauonekani na hauna sauti kubwa, kwa hiyo tunausahau na kudhani kitu kimechoka chenyewe.

Nenda kwenye baraza wanakocheza keram. Piga kete kwenye ubao ambao haujanyunyiziwa poda, itakwenda kidogo na kukwama. Nyunyiza poda, upanguse, upige tena kwa nguvu ile ile: kete inavuka ubao, inagonga ukingo na kurudi ilikotoka. Poda haijaiongezea kete nguvu hata chembe. Imepunguza kinachoizuia tu. Ungeweza kuupunguza msuguano mpaka uishe kabisa, kete ingekwenda bila kusimama hadi ikutane na ukingo. Wazee wa keram hawahitaji kufundishwa sheria ya kwanza. Wanaibeba mfukoni ndani ya kopo la poda.

Sasa miguu, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoanguka. Uzito wa mtu mzima unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, karibu na kitovu, kama mita moja kutoka sakafuni. Unabaki wima muda wote ambao miguu yako inaweza kupadhibiti mahali hapo. Ukisimama umeelekea mbele, miguu sambamba, una urefu wa unyayo mmoja tu wa kukulinda, sentimita 25 hivi, na nusu yake tu ndiyo iliyo mbele ya uzito wako. Kwa hesabu hiyo, gari likipunguza mwendo kwa zaidi ya kilomita 4 kwa saa katika kila sekunde, unaanza kudondoka. Hata dereva mpole anayekaribia kituo anaweza kupunguza zaidi ya hapo.

Geuka basi uangalie dirisha. Tanua miguu, mmoja kuelekea mbele ya gari na mwingine kuelekea nyuma, sentimita 60 baina yao. Sasa unaweza kuhimili upungufu wa karibu kilomita 10 kwa saa katika kila sekunde kabla hujashika chochote. Hujaongeza misuli, hujafanya mazoezi, umegeuka tu. Kunja magoti kidogo ili uzito ushuke chini, nawe utasimama imara zaidi. Ukisikia mtu anasema "Shusha hapo!", hamishia uzito kwenye mguu wa nyuma kabla breki hazijaanza kazi. Gari likiondoka kwa kishindo, fanya kinyume chake: hapo ni sakafu inayokukimbia chini ya miguu huku mwili ukibaki ulipokuwa.

Miguu ina mpaka wake. Breki ya dharura kwenye lami kavu, kwa matairi mazuri, inaweza kula zaidi ya kilomita 20 kwa saa katika sekunde moja tu, na hakuna mkao utakaokuokoa. Ndiyo sababu ya bomba. Lishike kwa kiganja kizima, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Mkono ulionyooka kama fimbo hupokea mshtuko wote kwa mpigo mmoja na kuupeleka begani. Mkono uliokunjwa hufunguka taratibu, na kila sehemu ya sekunde inayoongezeka katika kusimama kwako hupunguza nguvu inayohitajika kukusimamisha. Kumbuka kanuni hii ya muda, tutaihitaji kwa jambo zito zaidi.

Kwenye kipilefti, mstari ulionyooka ndio tatizo. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari huzunguka kipilefti likikata kulia. Mwili wako unataka kunyooka, na kwa aliye ndani ya gari kunyooka huko huonekana kama kutupwa kushoto. Mlango uko kushoto. Konda anayening'inia mlangoni wakati gari linazunguka kwa kilomita 30 kwa saa, kwenye kipilefti chenye nusu kipenyo cha mita 20, analazimika kujivuta ndani kwa nguvu inayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Akiwa na kilo 60, hiyo ni sawa na kushikilia kilo 20 kwa vidole, huku mkono mmoja una noti. Vidole vikiteleza, hatatupwa na mtu. Atanyooka tu, kama sheria inavyosema, na barabara itapinda bila yeye. Kijana huyu ni mtoto wa mtu. Abiria mwenye huruma amwambie aingie ndani, afunge mlango, nauli itakusanywa baadaye.

Mwendo wenyewe, ukiwa hauongezeki, haupungui wala haupindi, hauna madhara yoyote kwako. Mwaka 1632 Galileo Galilei alimtaka msomaji wake ajifungie ndani ya chumba cha meli pamoja na vipepeo, samaki ndani ya bakuli na chombo kinachodondosha maji, kisha atazame kama atagundua tofauti yoyote kati ya meli iliyotia nanga na meli inayokwenda kwa mwendo usiobadilika bila kuyumba. Hagundui. Sisi tuna bahati ya kujaribu kwa kasi ambayo Galileo hakuwahi kuiona. Panda treni ya umeme ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, subiri ifike kilomita 160 kwa saa, kisha rusha karanga moja juu ikae hewani nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo treni imesogea mita 22. Karanga inarudi kiganjani mwako, kwa kuwa ilipotoka mkononi ilikuwa tayari na mwendo wa treni, na hakuna kilichoupokonya. Naliona hili kuwa moja ya mambo mazuri kuliko yote ambayo mtu anaweza kujionyesha kwa karanga.

Mizigo nayo ina inesha, na haina mikono ya kushika bomba. Trei ya mayai iegemeze kitu kigumu upande wa mbele wa gari, iwe imegusana nacho tangu mwanzo. Nafasi uliyoiacha ndiyo itakayogeuka pigo. Mtungi wa gesi uusimamishe na kuufunga kamba. Ndoo ya maji iwekee bakuli au majani yanayoelea juu yake, kama wanavyofanya wanawake wengi wanaotoka kisimani na ndoo kichwani, ili mawimbi yasijijenge na kumwagika kila ndoo inapobadili mwendo.

Usiichukie inesha kwa sababu hiyo. Nyumbani inakufanyia kazi bure. Ukikung'uta mkeka, mkeka unaondoka ghafla na vumbi linabaki lilipokuwa. Kichwa cha nyundo kikilegea, gonga kitako cha mpini chini: mpini unasimama, chuma kinaendelea kushuka na kukaza. Jembe ni kinyume, kwa kuwa unene wa mpini wake uko upande wa chuma, hivyo unagonga upande huo kwenye jiwe, na jembe linateremka kuelekea penye unene.

Nililoahidi kuwa zito ni hili. Mama amekaa kiti cha mbele cha gari dogo, mtoto wa kilo 10 mapajani, na anaamini mikono yake ni salama kuliko mkanda. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida mjini. Likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, ili mtoto asimame pamoja na gari mikono hiyo ingepaswa kumzuia kwa nguvu ya karibu kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Upendo wa mama hauna kipimo, lakini misuli yake inacho. Mtoto anahitaji kiti chake, kilichofungwa kwenye gari. Mtu mzima anahitaji mkanda wa kukatiza kifua na nyonga, ule ambao mhandisi Nils Bohlin wa Volvo aliutengeneza mwaka 1959 na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Mkanda hukaza penye mifupa imara, hutanuka kidogo, na kukuongezea muda wa kusimama. Kofia ngumu ya bodaboda hufanya hivyo hivyo kwa povu lililo ndani yake, ambalo husagika ili ubongo usisimame kwa mpigo mmoja. Kofia inayoning'inia kwenye usukani wa pikipiki haisagiki kwa niaba ya mtu.

Kenya ilipoanza mwaka 2004 kutekeleza sheria ambazo watu waliziita za Michuki, kwa jina la waziri John Michuki, kila abiria wa matatu alitakiwa kuwa na kiti na mkanda, na gari kufungwa kidhibiti mwendo ili lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti hicho kina hesabu nzuri nyuma yake. Gari dogo lenye breki nzima kwenye lami kavu linahitaji kama mita 9 kusimama kutoka kilomita 40 kwa saa. Kutoka kilomita 80 linahitaji mita 36, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Abiria anayemhimiza dereva aongeze moto kwa kuwa amechelewa anaomba mita hizo ziongezwe kwa niaba ya watoto wanaovuka mbele.

Imebaki kushuka. Gari linakaribia kituo, konda anagonga bodi, na watu wanaanza kuruka kabla halijasimama. Mguu unaogusa ardhi unasimama papo hapo; kichwa, kifua na mkoba vinaendelea na mwendo wa gari. Makonda hutanguliza mguu wa kushoto, wakaelekea mbele na kukimbia hatua kadhaa pamoja na gari, kwa sababu wanahitaji hatua hizo kuumaliza mwendo walioutoa ndani. Wewe umevaa kandambili, una mtoto mkononi na mfuko wa nyanya. Sema kwa sauti, "Konda, gari lisimame kwanza," na usiliachie bomba mpaka magurudumu yameacha kuzunguka.