Wa Mkeka, wa Duara na Panya wa Mzungu

Juzi hapa kijiweni Nachingwea, mkeka umemchanikia tena dogo wa bodaboda. Timu saba zimeshinda, ya nane imemwangusha. Nikafyonya. "Acha basi, mwanangu." Akanitazama kama nimemtukania mama. "Mzee, si mwezi wa tatu nilivuta laki mbili na nusu?"

Haya. Laki mbili na nusu ameshazirudisha zote, na za ziada. Lakini huyu huyu alikuwa akiuza dukani kwa mtu. Mshahara ulipochelewa mara mbili tu, alikabidhi funguo akaondoka. Kwenye mkeka kala hasara mwaka mzima, hajasusa!

Kuna Mmarekani, B. F. Skinner, aliyaona haya kwa panya. Vidonge vya chakula chao alivifinyanga mwenyewe, vikawa vinamwishia, akaamua kubania: si kila panya akibonyeza wenzo anapata kidonge. Panya hawakugoma, waliendelea kubonyeza tu. Baadaye yeye na Ferster wakahamia kwa njiwa, wakatoa kitabu kinene mwaka 1957. Aliyezoea kupewa kila mara, ukimkatia anagundua upesi, anaacha. Aliyekuwa akipewa mara moja moja, asijue lini, atadonoa mpaka umwonee huruma. Kukosa alishakuzoea, atajuaje kwamba safari hii ghala limefungwa kweli?

Sasa nenda Ruangwa, kule Namungo kwenye dhahabu. Wiki nzima mtu kabeba mawe kupeleka karasha, kaosha, kapata cha kulipia deni la unga. Mwambie duara, shimo lake la kuchimbia, limekauka uone! Atakuhesabia jirani aliyepata, siku aliyopata, na pikipiki aliyonunua. Waliokosa hawahesabu, wangemaliza vidole.

Waingereza nao walileta hapa kwetu mradi wao wa karanga, mwishoni mwa miaka ya 1940. Matrekta, mabuldoza, na reli ya kuteremka mpaka Mtwara. Udongo na mvua vikawakatalia, mwaka 1951 serikali yao ikaufuta mradi. Watu wanasema walikuwa wavivu wa kufikiri. Mimi nasema ardhi iliwatendea wema: haikuwapa hata msimu mmoja wa kuwapofusha. Ingewapa mmoja tu, aah, tungekuwa tunawapangisha vyumba mpaka leo.

Nikiwa bado naongea, dogo kaninong'oneza: "Mzee, nipige tafu buku mbili, kesho asubuhi nakurudishia."

Nikafyonya, nikampa. Mwezi wa tatu alinirudishia.