Shikamoo ya Panya

Saa tatu usiku wakala alifunga banda lake la mbao pale Marui, wilayani Kisarawe, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika, akaondoka na boksi la hela kwapani. Ndani aliacha simu mbili za wateja zikichaji kwa betri ya sola, na daftari la miamala juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi. Mlangoni alibaki Kufuli, mzee aliyeanza kuota kutu, mwenye neno juu ya kila kitu.

"Mwaka wa saba huu nalinda hapa," alisema. "Hajapita mwizi."

"Leo kapita," akajibu Kitochi kutoka kwenye chaji. "Kaondoka na laki na themanini."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Mlango ulikuwa wazi, nawe ulikuwa unaning'inia kwenye komeo."

Mwenye Kitochi huuza mananasi. Siku hiyo alikuwa anadaiwa nauli ya mzigo na mwenye gari, anangoja tu atajiwe namba ya kulipia. Mara ukaingia ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakalotokea ni la fulani. Akatuma. Jioni mwenye gari alipopiga simu kuulizia chake, muuza mananasi alikaa kwenye benchi la banda muda mrefu, hana la kusema.

"Huyo tapeli alijuaje kama mwenzetu anadaiwa?" Kufuli akauliza.

"Hakujua. Hata Marui haijui iliko. Anawatumia watu ujumbe uleule, wengi wanaufuta, naye anamngoja mmoja mwenye deni."

Kazi yote hapo imefanywa na neno "ile". Tapeli hasemi hela gani, ya nani, wala ya kitu gani. Anaachia pengo, na msomaji analijaza mwenyewe kwa deni lake, kwa mchango wake wa harusi, kwa ada ya mtoto. Angeandika "naomba hela" asingepata hata mia. Wadukuzi wa Ulaya huhangaika miezi kutafuta tundu kwenye programu; wetu wamelikuta kwenye sarufi.

Ubao wa sakafu ukacheza. Pua ikatangulia, masharubu yakafuata, kisha Panya mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," Kufuli akaitikia, amefurahi kuamkiwa. Ilipita kitambo ndipo akajiuliza mgeni kaingilia wapi.

Simu Janja akacheka. "Poleni wazee. Mimi nafunguliwa kwa alama ya kidole cha mwenyewe. Wa kuniingilia hajazaliwa."

"Namba yako ya siri ya hela ni mwaka aliozaliwa mwenyewe," alisema Daftari taratibu. "Jana alimtajia wakala kwa sauti ili amsaidie kutoa. Benchi zima lilisikia."

Simu Janja akazima kioo.

Kufuli akaona heri ageuze mazungumzo. "Hayo ni ya vibaka. Vita vya mtandao vyenyewe ni vya wakubwa, Marekani na Urusi huko. Kwetu havifiki."

"Nairobi nako ni mbali, mzee?" Panya akauliza.

Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen, mfumo ambao Wakenya waliutumia wakati huo kupata huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulizidiwa na shambulio. Waombaji wa pasipoti na viza walikwama, tiketi za treni zikasumbua, umeme wa kununua kwa simu ukagoma kwa baadhi ya watu, na M-Pesa nayo ikayumba. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitapa kuwa limeiadhibu Kenya kwa kuingilia mambo ya Sudan. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio, akasema hakuna taarifa iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili, raia wa Sudan, wanaodaiwa kuliongoza kundi hilo.

"Walivunja nini?" Kufuli aliuliza kwa sauti ya kitaalamu.

"Hawakuvunja kitu. Chukua dirisha la banda hili. Asubuhi waje watu mia tatu, kila mmoja aulize: 'Float ipo?' Akijibiwa ipo, anarudi nyuma ya foleni kuuliza tena. Hawaweki, hawatoi. Sasa yule mama mwenye mgonjwa hospitalini atalifikiaje dirisha?"

"Ningewafungia mlango!"

"Ukifunga umewasaidia. Walichotaka ni banda lisifanye kazi."

Kufuli akanyamaza. Kitochi ndiye aliyeuliza watu mia tatu wa kutumwa hupatikana wapi, na Panya akajibu kuwa si lazima wawe watu. Mwaka 2016 kampuni ya simu ya Lonestar, nchini Liberia, ilishambuliwa kwa jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa programu ya Mirai, inayosaka kamera na vifaa vingine vya intaneti ambavyo bado vina nywila ya kiwandani. Aliyeliongoza alikuwa Mwingereza mmoja, amelipwa na mtu wa kampuni shindani; Januari 2019 alihukumiwa London kifungo cha miezi 32.

"Kwa hiyo kamera ya dukani Kibaha, iliyofungwa kuchunga wezi," Panya aliendelea, "ikiachiwa nywila iliyotoka nayo kwenye boksi, inaweza kuamshwa usiku ikaungana na jeshi. Mwenye duka ataona tu intaneti imekuwa nzito. Atawalaumu wenye mtandao."

"Ndiyo maana mimi intaneti sitaki," Kitochi akasema.

"Mitambo ya urani ya Natanz, Iran, nayo haikuunganishwa na intaneti." Panya alianza kukwangua mfuko wa karanga. "Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, inaaminika kiliingizwa kwa flashi. Kikazivuruga mashine mwendo huku vioo vikionyesha mambo shwari. Wachunguzi wengi huzitaja Marekani na Israeli. Zenyewe hazijakiri rasmi. Kijana, hebu tuambie, kadi yako ya memori ilijazwa nyimbo wapi?"

"Maili Moja," Simu Janja akajibu kwa sauti ndogo. Kompyuta ya pale hupokea flashi na kadi za kila apitaye.

Kufuli hakukubali kushindwa. Serikali ipo, alisema: Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na laini zisizosajiliwa kwa vidole zilianza kuzimwa Januari 2020.

"Laini ya tapeli wa leo imesajiliwa kwa kidole," Kitochi akamjibu. "Cha nani, hilo ndilo swali." Wapo watu walioweka kidole mara moja kwa msajili wa barabarani, akawaambia mashine imegoma, wakaweka tena, baadaye wakipiga *106# wanakuta laini wasizozijua zimeandikwa kwa kitambulisho chao.

Daftari hakuwa amemaliza. "Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Ina tume yake. Nami nimebeba majina ya nusu ya kijiji, namba za simu, za vitambulisho, viwango vya hela na saini. Kila anayengoja chenji ananifunua kupoteza muda. Hakuna aliyewahi kuniita kanzidata."

Hakuna aliyepata la kumjibu. Panya alimaliza karanga, akaaga kwa heshima zote, akapita chini ya ubao.

Asubuhi wakala alilikuta kufuli limeshika vizuri, akaridhika. Muuza mananasi alifuata simu yake, wakaupeleka ule ujumbe 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za matapeli, kisha wakatuma na namba ya tapeli. Huduma kwa wateja walisema hela ilikwishatolewa jana yake mchana. Angepiga palepale, pengine ingezuiwa.

Baadaye alikuja mtoto kununua karanga za mia mbili. Wakala akachukua daftari lililojaa la mwezi uliopita, akachana ukurasa wenye majina, namba na saini za watu kumi na wanane, akausokota koni, akamfungia.