Kusi Likivuma New York

Tanga, watu kumi wakisimama kimya chini ya mti wamekodoa macho juu, basi huko juu kuna chatu, nyuki au mwizi wa madafu. New York mwezi wa Mei, kuna ndege wa gramu 12.

Na wanaokodoa si watoto wenye manati. Ni watu wazima na nyadhifa zao, saa kumi na mbili asubuhi, shingoni darubini za bei ya bodaboda. Mwenzetu anayetoka zamu ya usiku ya kutunza wazee hukatiza Ramble, kipande cha msitu chenye vijia vya kupotezana ndani ya bustani ya Central Park. Watu walewale ambao kwenye lifti hawaitikii salamu humshika mkono, wamwoneshe tawi. Juzi kaazimwa darubini. Juu ya mwaloni kuna kidege, koo la rangi ya chungwa linawaka, anampigapiga kiwavi tawini kabla ya kummeza.

Ndege hawa hutokea Karibi, Amerika ya Kati na Kusini, wakielekea misitu ya kaskazini, wengi Kanada, kuzaa. Husafiri usiku kwa kufuata nyota na usumaku wa dunia. Kukipambazuka, chini ni zege tupu isipokuwa lile pande la kijani la hekta 341, basi hushukia hapo na njaa zao. Kama majahazi ya zamani, huvizia kusi. Likivuma usiku, asubuhi bustani imejaa. Akishaonekana yule mwenye utosi mweusi na miguu ya njano, atokaye huko Amazoni, wazoefu hununa: msimu unakwisha.

Mei 2018 alitua ndege adimu aitwaye kwa jina la Kirtland, ambaye huzaa hasa Michigan. Watu walitoroka maofisini. Hata pilau ya bure haijapata kuita umati kwa kasi hiyo.

Kicheko hukatikia kwenye vioo. Taa za usiku huwavutia ndege mjini. Mchana huona mti ndani ya kioo cha ghorofa, wakaufuata, wakafa maelfu kwa maelfu. Tangu Januari 2021 sheria ya jiji inataka majengo mapya yawe na vioo ambavyo ndege anaviona, hadi futi 75 kutoka chini. Majengo ya zamani mengi yamebaki vilevile, na mwenzetu anauliza: hawa wenye darubini, taa za ofisi zao azime nani?

Mwenye safari aje wiki ya pili ya Mei. Kiingilio hakuna.