Dumu Lenye Kiti

Nimezaliwa Nansio, Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria. Nilipanda mtumbwi kabla sijajua kufunga kamba za viatu, kwa sababu viatu vyenyewe sikuwa navyo. Mtu wa namna hiyo, akishafika miaka hamsini na mbili, mgongo ukilia kila akiinama kuokota rimoti, hategemei kusimama dukani Minnesota akifundishwa kuelea na kijana ambaye ndevu zake bado ni ahadi.

Chanzo ni Mama Neema. Alichoka kunihudumia kwenye kochi kila Jumamosi.

"Baba Neema, kibao cha gari lako kimeandikwa maziwa elfu kumi. Umekosa hata moja la kwenda kukaa?"

Na hapo jimbo limejipunja. Ukihesabu maziwa ya ekari 10 na kuendelea yako 11,842. Watu wanaojisifu kwa kupunguza hesabu mimi huwaogopa.

Kosa la kwanza lilikuwa la ubahili. Nilipata kayaki ya mtumba, nyembamba, inayong'aa, ya kuingiza miguu ndani kama unavyovaa soksi. Wenye chombo hiki kwa asili ni watu wa Aktiki, Wainuiti na jamaa zao, waliokiunda kwa mifupa au mbao zilizoletwa na maji, wakakivalisha ngozi za sili. Inasemekana mwindaji alijipimia mwenyewe: urefu mara tatu ya mikono yake iliyonyooshwa, upana nyonga zake na ngumi mbili. Yaani kayaki ilishonwa kama suti. Mimi nilikuwa nimenunua suti ya marehemu. Ngumi hazikuingia kabisa. Nyonga zenyewe ziliingia kwa mazungumzo.

Hatukufika mbali. Mita mbili kutoka gatini niligeuza kichwa kumwitikia mtoto aliyenipungia mkono, kayaki nayo ikageuka, tena ikageuka zaidi yangu. Ulikuwa mwezi wa Mei, barafu ya ziwa imeondoka juzi tu. Nilipoibuka Kiingereza kilikuwa kimezama na Kiswahili kimezama. Nilipiga yowe kwa Kikerewe. Bibi mmoja aliyekuwa akivua pale gatini alikunja ndoano yake taratibu akahamia upande wa pili.

Ndipo nikaenda dukani. Nikamwambia kijana: nataka kitu kipana, kisichopinduka, na chenye mahali pa kuegemea. Akaniuliza, utulivu gani, wa mwanzo au wa mwisho?

Nilidhani ananitania. Kumbe uko wa aina mbili kweli. Kayaki ya tumbo bapa ukiikalia tu inatulia kama meza, hata kusimama unaweza. Lakini wimbi likiilaza ubavu mpaka mahali fulani, inakwenda moja kwa moja bila kuaga. Yenye tumbo la duara au lililochongoka inayumba tangu unapoweka tako, ila ukiilaza inakataa kwenda. Nilielewa mara moja, maana nimewahi kukopesha watu. Yuko mdaiwa anayekuitikia vizuri kila siku, siku ya kulipa hayupo. Na yuko anayenung'unika kila mkikutana, lakini hulipa. Kwa ziwa dogo lisilo na mawimbi ya maana, akasema, wavuvi wengi huchukua wa kwanza. Nikachukua wa kwanza.

Kisha tukaja kwenye kiti, na hapa naomba mnisikilize, maana ndipo fedha zangu zilipoishia.

Mtumbwi wa babu ulikuwa na ubao wa kukalia, na juu ya ubao gunia lililokunjwa, kama gunia halikwenda na mihogo sokoni. Kayaki hii ina kiti cha mabomba ya alumini na wavu, chenye mgongo, kama cha afisa mtendaji wa kata. Nilikikalia nikahisi uti wa mgongo unanishukuru pingili moja moja. Kijana akaniacha nifurahi kidogo, ndipo akasema: ukikaa juu, uzito wako uko juu, na chombo kinapinduka kirahisi zaidi. Kwa hiyo kiti kirefu kinadai chombo kipana. Kayaki za matembezi zina upana wa sentimita 70 hadi 76 hivi. Hizi za wavuvi wakaa vitini hufika 90. Upana nao unaleta uzito, na uzito na upana vinaleta uzembe: unapiga kafi mpaka bega linawaka na mti ulioko ufukweni bado uko palepale unakutazama. Dawa ya uzembe ni pedali, upige kwa miguu kama baiskeli na mikono ibaki na fimbo ya kuvulia. Pedali nazo zina uzito wake. Na bei yake. Ile bei niliisoma mara mbili, nikidhani ni namba ya simu ya duka.

Nikakataa pedali. Mwanamume lazima akatae kitu fulani dukani.

Nilipoinama kukagua sakafu nikaona matundu. Manane, makubwa, yanapita mpaka chini. Unaona zulia la duka. Babu yangu alitumia nusu ya maisha yake kuziba matundu ya mtumbwi kwa pamba, anakalafati asubuhi, anakalafati jioni, na sisi wajukuu kazi yetu kufua maji kwa kopo. Leo mimi natoa mamia ya dola kununua matundu. Kijana akaeleza kwamba aina hii unakaa juu yake, si ndani. Tumbo lake limezibwa pande zote na lina hewa, na matundu ni vifereji vya kurudisha ziwani maji yanayorukia sakafuni. Ukianguka, unaigeuza na kupanda tena, haijai maji kama ile soksi yangu. Maelezo yaliniingia. Hata hivyo babu angeiziba.

Usisahau pia kile kibandiko cha uzito inaoweza kubeba. Yangu imeandikwa kilo 180. Usishangilie. Ndani ya kilo hizo upo wewe, chakula chako, nanga, sanduku la ndoano, na samaki kama Mungu akipenda. Na wenye akili hawapiti theluthi mbili, kwa sababu baada ya hapo inaelea, ndiyo, lakini inaelea kama kiboko. Nilipojumlisha, nikapunguza sambusa.

Rafiki yangu Papa Furaha, mwenyeji wa Uvira, aliyekua analitazama Ziwa Tanganyika kila asubuhi, alikuja kunisaidia kuibeba. Akaizunguka. Akaigonga kwa kidole, ikalia tumbo tupu.

"Papa Neema, lakini hii ni bidon!"

Nilitaka kubisha nikashindwa. Plastiki ni ileile, polithini, ukoo mmoja na madumu ya njano tunayochotea maji. Nimenunua dumu lenye kiti.

Na dumu hili lina kilo 41 bila kiti. Hili ndilo neno ambalo hakuna mtu aliyenitamkia tukiwa dukani: kila ulaini unaoupata majini, mgongo uleule unakuja kuulipia nchi kavu. Kuipandisha juu ya gari tulihitaji watu wawili, dua moja, na kijana wa jirani aliyesimama kutuonyesha vidole gumba. Kigari cha magurudumu mawili cha kuikokotea kinauzwa peke yake. Kafi linauzwa peke yake. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, kwa hiyo kayaki inaishi nyuma ya nyumba ya Papa Furaha, naye kila nikienda kuichukua inabidi kwanza tunywe chai, na tukishakunywa chai jua limetua.

Halafu kuna karatasi. Leseni ya kuvua, sawa. Jaketi okozi, sawa, na baada ya ule mwezi wa Mei sihitaji kuambiwa. Lakini hapa Minnesota chombo kisicho na injini chenye futi 10 au pungufu hakisajiliwi, na changu kina futi 12. Nimekuwa mmiliki wa meli kwa sababu ya futi mbili.

Jumamosi moja hatimaye nikafika ziwani. Niwe mkweli: nilikaa. Nilikaa kama sijawahi kukaa. Nikatupa ndoano kumtafuta yule samaki mwenye macho ya ukungu ambaye jimbo limemfanya nembo yake tangu 1965, nikaegemea, upepo ukaniambia pole. Nilichosahau ni kwamba mtu mzima aliyekaa wima juu ya chombo kipana ni tanga. Nanga nilikuwa nayo, ndogo, ya kukunjwa kama mwavuli, na nilijua kuifunga nyuma au mbele na si ubavuni. Ila nanga iliyomo sandukuni haizuii kitu. Nilizinduka nikiwa kwenye matete ya upande wa pili, mbwa wa mtu ananibwekea, nami bado nimeegemea.

Jioni nikampigia baba mdogo Ukerewe. Kule ilikuwa alfajiri, ndiyo kwanza anarudi kutoka dagaani na taa zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia umenunua mtumbwi. Unabeba watu wangapi?"

"Mmoja."

Kimya.

"Huyo mmoja ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Umepata samaki?"

"Leo sijapata."

"Kwa hiyo ulikwenda kukaa."

"Nilikwenda kukaa."

"Ziwani. Kwenye kiti. Chenye kuegemea?"

"Chenye kuegemea."

Nikamsikia anashusha pumzi, nyuma yake wanawake wakibishana bei ya ndoo.

"Huo mtumbwi baki nao," akasema. "Hicho kiti, mwanangu, kinaweza kuja kwa ndege?"