Nasaha kwa Waundao Kompyuta za Michezo kwa Fedha Haba

Barua zilizotuwasilia safari hii ni nyingi, na karibu zote zina maradhi ya namna moja: mwandishi ana akiba ndogo na shauku kubwa, na baina ya hayo mawili amesimama muuza duka mwenye ulimi mtamu. Tumezichagua zile zenye fadhaa zaidi, tukazijibu kwa kadiri ya busara tuliyoruzukiwa.

*Mzee Mshauri, shikamoo. Nimedunduliza hela niunde PC ya gemu. Jamaa wa dukani amenipangia hivi: kesi ya vioo yenye feni sita za taa, mtambo wa kupoza prosesa kwa maji, kibodi ya taa, na kwa hela itakayobaki, kadi ya GT 710. Anasema GTA V itateleza tu. Nikubali?*
*— Mpenda Taa, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Ulichopangiwa si kompyuta ya michezo. Ni taa ya sebuleni iliyotiwa kibodi. Kanuni ya kwanza, ambayo ukiishika utakuwa umeiokoa sehemu kubwa ya mali yako, ni kwamba picha ya mchezo huchorwa na kadi ya michoro, wala haichorwi na feni, hata feni hiyo ikiwaka rangi zote alizoziumba Mola. Kwa hiyo, madhali fedha ni haba, kadi ndiyo itangulie kutengewa fungu, na fungu hilo liwe kubwa kuliko mengine yote, tangu theluthi ya akiba hadi kukaribia nusu. Hiyo GT 710 ilikusudiwa kuonyesha hati na sinema katika ofisi zenye utulivu, na kuibebesha michezo ya leo ni kuidhulumu.

Kabla hujafungua mkoba, jiulize maswali mawili ambayo muuzaji wako aghalabu hayaulizi: utacheza mchezo gani, na juu ya skrini ya namna gani? Skrini ya kawaida, ya nukta 1920 kwa 1080, ina nukta zipatazo milioni mbili, na kadi yapaswa kuzichora zote upya mara 60 kila sekunde ndipo mchezo uonekane laini. Ile ya 4K ina zaidi ya milioni nane, yaani kazi mara nne, na kazi hiyo waachie wenye mali. Kwa skrini ya kawaida, kadi kama Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye kumbukumbu ya GB 8, ikiandamana na prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye viini sita, na RAM ya GB 16 katika vipande viwili, itakutosheleza kwa michezo mingi bila kukuaibisha mbele ya wenzako. Na kwa kuwa prosesa hiyo ikinunuliwa ndani ya sanduku lake huja na feni yake, mtambo wa maji ni israfu tupu.

Fauka ya hayo, katika orodha yako sikuona pawa saplai ikitajwa, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko taa zote. Kadi niliyoitaja hutumia takriban wati 132, na prosesa yake imekadiriwa wati 65. Ukiongeza diski, feni na akiba ya tahadhari, pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 yatosha. Nasema ya kweli, kwani ziko nyingi za uongo. Ligeuze sanduku lake ubavu, utafute kwenye kibandiko safu ya volti 12, kisha uzidishe ampea zake kwa 12: ukikuta ampea 18, basi jua kwamba kadi na prosesa zitagawana wati 216 tu, hata kama juu pameandikwa 500 kwa herufi za dhahabu. Alama ya 80 Plus nayo yahusu namna umeme usivyopotea bure, wala si hati ya kushuhudia uimara wa kifaa chote. Na katika miji yetu, ambamo umeme hukatika bila kuaga na kurudi kwa ghadhabu, pawa saplai duni haifi peke yake. Hufa na jamaa zake.

*Bwana Mshauri, salamu. Nilinunua Dell OptiPlex 990, ile ndogo, mtumba wa Uingereza, kwa sababu ina i7-2600. Rafiki yangu ana i3-12100F na kila gemu kwake inaenda laini kuliko kwangu. i3 inaishindaje i7?*
*— Nimeibiwa?, Nairobi*

Hukuibiwa, ndugu yangu. Ulihadaika kwa cheo. Tarakimu 7 yaonyesha daraja ya prosesa miongoni mwa rika lake, wala haitaji rika lenyewe, na rika husomwa katika tarakimu zinazofuata. Yako ni ya rika la pili, iliyotoka mwaka 2011. Ya rafiki yako ni ya rika la 12, iliyotoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane, lakini kila kiini cha mwenzio hutenda katika pigo moja la saa kazi nyingi zaidi kuliko kiini chako. Tena prosesa yako haina amri ziitwazo AVX2, ambazo kwa Intel zilianza mwaka 2013, na baadhi ya michezo mipya ikizikosa hukataa hata kufunguka.

Walakini usiitupe. Kwa kuwa kasha lake ni jembamba na pawa saplai yake ni ya wati 240, tena si ya umbo la kawaida linalopatikana kila duka, tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Utie SSD mahali pa diski ya zamani, kisha ucheze michezo ya zamani kwa kinaa. Pesa nyingine usiiongeze humo hata thumuni. Iweke kwa ajili ya mashine ijayo.

*Mshauri mpendwa, mume wangu anasema tununue kompyuta "ya masomo ya watoto". Nimemkuta usiku anatazama bei ya RX 6600. Je, hesabu za darasa la tano zinahitaji kitu hicho?*
*— Mama wa Watatu, Mombasa*

Hasha, Bibi. Hesabu za darasa la tano hazijafikia ugumu huo. Lakini sisi hatuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili, na huenda mumeo ni mtu wa kuhariri video au kuchora majengo, kazi ambazo kwazo kadi hiyo ni ya halali. Mpime kwa upole: mwambie umesikia kwamba prosesa ya Ryzen 5 5600G ina uwezo wa picha ndani yake, hivyo masomo yatapita vizuri bila kadi yoyote, na fedha zitakazosalia zitanunua kabati. Akifurahi, ni mkweli. Akinyamaza kwa huzuni, basi watoto wa kusoma ni wanne, na yeye ndiye mkubwa wao.

*Mzee, naomba ushauri. Kuna kadi ya mtumba, RX 580, bei poa sana. Naambiwa ilikuwa inachimba sarafu za mtandaoni. Je, imechoka?*
*— Mwenye Shaka, Tanga*

Mnamo Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kabisa uchimbaji wa kutumia kadi, na kadi nyingi zilizokuwa zikitumikishwa usiku na mchana zikamwagika sokoni. Hiyo yako yaweza kuwa mojawapo. Utumwa ule peke yake si aibu, kwani kadi iliyofanya kazi kwa joto la wastani huenda ikawa nzima. Kinachochakaa ni feni, na dawa ya kupitishia joto ambayo hukauka. Na kwa ninyi wa pwani, chungulia pia kutu ya hewa ya chumvi kwenye skrubu na midomo ya waya. Iwashe hapo hapo dukani, uitie mchezo mzito kwa nusu saa, usikilize feni na kutazama joto, na fedha zibaki mfukoni mwako mpaka hapo.

Kisha hakiki nasaba yake kwa programu ya GPU-Z. RX 580 kamili ina vichakataji vidogo 2304; ikionyesha 2048, basi ni ile hafifu inayolingana na RX 570, na bei yake ishuke vivyo hivyo. Ziko pia kadi kuukuu zilizobadilishwa jina kwa hila katika programu yao ya ndani, zikauzwa kwa ukoo usio wao.

MAJIBU MAFUPI

*Aliyerogwa, Bagamoyo:* Hukurogwa. Chomoa waya wa skrini kwenye mazabodi, uuchomeke kwenye kadi. Prosesa yenye herufi F mwishoni haina uwezo wa picha, hata ukiisomea dua.

*RAM Mbili, Morogoro:* Zitie katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa, kisha ingia BIOS uwashe XMP. Bila hivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 huenda ikatembea kwa 2133 maisha yake yote.

*Bwana Harusi, Unguja:* Mahari kwanza.

*Mwanachuo, Dodoma:* Ada ya chuo si akiba.

*Msubiri, Pangani:* Mwaka 2021 uliniandikia kwamba wangojea bei ya kadi ishuke. Ikashuka mwaka 2022, nawe ukangojea ishuke zaidi. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ikapanda, na sasa wauliza kama ungoje tena. Nunua unachokimudu, ucheze. Habari ya kadi ya mwaka ujao tutaizungumza utakapokuwa umekwisha kuchoshwa na hiyo.