Mhadhara wa Prado Lililooga

Bismillahi. Wa bodaboda zimeni pikipiki. Mama wa mihogo, punguza moto kidogo, moshi unapita machoni pa elimu. Mbele yenu, hapa barazani Dunda, Bagamoyo, amesimama bingwa wa pekee, pwani yote kuanzia Bunju mpaka Saadani, wa taaluma niliyoiasisi mwenyewe: Topelojia Linganishi. Hadi jioni hii taaluma hiyo ina mhadhiri mmoja na haijapata mhitimu, kwa kuwa viwango vyake viko juu. Wapo wakorofi watakaouliza nimesoma chuo gani. Huo ni utovu wa adabu. Vyeti vyangu vyote nimevitia saini mwenyewe, maana nilitafuta mwingine mwenye sifa za kusaini nikamkosa.

Mada iko wazi. Shemeji yangu, yule pale anayejipepea kwa kadi ya gari isiyo yake, anataka kununua Prado. Namba D, jeupe, dizeli, viti vya ngozi, milioni 24. Prado la rika lake lililo zima hulipati kwa fedha hiyo hata ukilia. Mwenye gari anakaa Mbweni, na ni mtu mkweli: amekiri kwa kinywa chake kwamba masika ya 2024 gari lilipata majimaji kidogo. Majimaji kidogo! Mwaka 1905 Wajerumani nao walidhani ni Majimaji kidogo, ikawachukua miaka miwili na ushei.

Tuanze na historia, kwani msomi asiyeanza na historia ni fundi tu. Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka mji huu huu kwenda kumtafuta Livingstone, masika yakiwa mlangoni. Alikuwa na wapagazi, punda, na farasi wawili wa fahari. Farasi wakafa hata safari haijachanganya. Punda wakaonja tope la Makata lilipofurika, na si wote walioonja wakatoka. Angenitafuta mapema ningemshauri. Kisha Februari 1874 mwili wa Livingstone mwenyewe ukafika hapa, umebebwa na watu waliotembea kutoka bara miezi kadhaa. Kwa hiyo katika kumbukumbu za Bagamoyo chombo kilichopita kwenye maji yote yale kikafika salama ni mguu wa binadamu. Hilo tuliweke kando, linaharibu biashara. Dalali wa Prado hili, usicheke, biashara ninayoisema ni yako.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mjinga huuliza: gari liliingia maji? Mwanatopelojia huuliza: maji ya wapi?

Maji ya bonde la Msimbazi kule Dar ni maji mazito, yana oili chafu, takataka na siri za familia nyingi. Mabasi ya mwendokasi yalioga humo Jangwani zaidi ya mara moja, karakana ikiwa imejengwa pale ambapo mto ulishazoea kupita. Maji ya Mpiji ni ya kasi, yana mchanga. Aprili 2014 yalilishambulia daraja lenyewe, tukakaa huku hatuna njia ya kawaida ya kufika Dar. Mchanga wa Mpiji ukiingia kwenye beringi unasaga taratibu, na gari hulia miezi mitatu baada ya muuzaji kubadilisha laini ya simu. Maji ya Ruvu, hapo juu ya mji, ni ya udongo laini. Hukauka yakawa unga mwembamba, unga ule ukajificha nyuma ya deshibodi, ndani ya taa, katika matundu ya kiyoyozi. Siku ya kwanza ya kuwasha AC, abiria wote wanapiga chafya na muuzaji anasema ni vumbi la barabara ya Makurunge.

Halafu kuna maji ya bahari. Hapo, waheshimiwa, navua kofia, na navua viatu pia. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Pwani yetu ina watu wanaoegesha gari ufukweni wakati wa bamvua, wakala chips, wakarudi wakakuta gari linaelea kama lina nahodha. Chumvi haiondoki kwa kuoshwa na Omo. Inaingia kwenye vichwa vya waya, shaba inageuka kijani, na umeme unaanza kuwa na maoni yake: ukipiga honi, waipa zinacheza. Gari la maji ya bahari halinunuliwi kwa bei yoyote, hata ukipewa bure omba usafirishiwe mbali. Hii ndiyo kanuni pekee katika elimu yangu isiyo na mjadala, na nimeiweka katikati ya mhadhara makusudi ili waliolala wasiisikie.

Kuna pia maji ya ng'ambo. Aprili 16, 2024 Dubai ilinyeshewa mvua ambayo haikuwahi kuonekana tangu kumbukumbu zianze kuandikwa mwaka 1949, magari yakabaki mabarabarani maji yakifika vioo. Nilisikia vijana wa hapa wakifurahi kwamba bei zitashuka. Zitashuka, ndiyo. Japani nako mafuriko yapo, ila Mjapani ana ugonjwa wa kusema kweli: kwenye karatasi ya mnada, gari lililozama huandikwa hivyo, kansui, na hakuna haya. Gari huanza kupoteza kumbukumbu likishavuka bahari. Likifika hapa limekuwa la daktari mwanamke aliyekuwa akienda nalo kazini tu.

Mkitaka kujua Mjapani anavyoyaogopa maji, sikilizeni. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilifurisha yadi ya treni za mwendo kasi kule Nagano. Treni 10, mabehewa 120, yakasimama ndani ya maji. Mainjinia wao, watu wenye vyeti visivyosainiwa na wao wenyewe, wakapima, wakaona vifaa vya umeme vilivyo chini ya sakafu vimeharibika, wakaamua treni zote zikatwe vyuma chakavu. Mabehewa 120! Na sisi hapa tuna fundi wa Magomeni anayesema Prado litapona likiachwa juani siku mbili milango ikiwa wazi.

Nimeliona gari lenyewe. Nililiendea jana jioni nikiwa na tochi, bisibisi na mamlaka. Kabla sijafungua mlango nikapokewa na udi. Wallahi, gari limefukizwa udi kama bibi harusi wa siku ya saba! Mwenye gari akasema mkewe anapenda manukato. Sikubishana, niliinama chini ya kiti cha dereva. Kiti kinashikwa na boliti nne. Tatu zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, ya nne ilikuwa mpya inang'aa. Hapo elimu ikaanza kusema. Nikavuta mkanda wa kiti, si ule mvuto wa abiria anayemwogopa trafiki, nikauvuta mpaka mwisho wake. Sehemu ya juu safi. Ndani kabisa, pale ambapo mwosha magari hafiki, kuna mstari wa hudhurungi umenyooka kabisa. Ule mstari ndio cheti cha kuzaliwa cha mafuriko. Kadi ya TRA inaandika namba ya injini, chesisi na rangi, haina mstari wa kuonyesha maji yalifika wapi, mkanda unao.

Nikainua kapeti nyuma. Nikamkuta kamba. Kamba mdogo, mkavu, ana macho yote mawili. Nikamwonyesha mwenye gari bila neno. Akasema, bila kupepesa, kwamba alikuwa akibeba kitoweo kutoka soko la samaki. Jibu zuri mno. Nimemwalika aje kutoa mhadhara mwakani.

Je, kamba yule alitoka baharini au mtoni? Hilo ni swali la shahada ya uzamivu, na hapa neno hilo linakaa mahali pake. Mbweni ni karibu na bahari, lakini masika ile maji yalikuwa yanashuka kutoka juu. Mvua zile hazikuwa mzaha: Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili 25, 2024 kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchini. Aliyepoteza gari tu alihesabika ana bahati, na sioni vibaya akitaka kurudisha chochote. Ninachokataa ni udi.

Sasa injini. Mnafikiri gari linauawa na maji. Hapana, linauawa na ufunguo. Ndani ya silinda pistoni inabana hewa, na hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Pistoni inapanda, maji yamekaa juu yake, hayana pa kwenda, na kitu cha kwanza kusalimu amri ni konrodi: inapinda. Gari lililozamishwa likiwa limezimwa laweza kuishi, ikiwa atakuja fundi mwenye subira, akatoa maji, akamwaga oili, akabadilisha mara mbili au tatu kabla ya kugusa stata. Lakini kila nyumba ina kijana. Maji yakishapungua, kijana husema ngoja nijaribu kidogo kama linawaka. Kwa hiyo msiniulize maji yalifika wapi. Niulizeni nani aliwasha. Nilipomuuliza mwenye gari, mwanawe aliyekuwa pembeni aliondoka kwenda dukani.

Wapo watakaosema: lingekuwa na mkonga lisingepata kitu. Mkonga! Mkonga ni pua tu. Unaisaidia injini kupumua juu ya maji; difu haina mkonga, gia boksi haina mkonga, na kompyuta iliyo chini ya kapeti haijui hata kwamba kuna mkonga. Difu ikiwa ya moto ukaiingiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia sili na kipumulio. Ukifungua nati ya chini inatoka oili nyeupe. Toyota wenyewe wanasema Prado la umbo la karibuni livuke maji yasiyozidi milimita 700, na hapo wanamaanisha kupita, si kulala.

Lingekuwa Land Cruiser Hardtop lenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta, limezama Ruvu likiwa limeegeshwa, ningesema: shemeji, toa nusu bei, mwage oili zote, fungua hata magurudumu, tembea. Gari lile lina waya chache kuliko redio ya babu. Prado lina visanduku vya umeme vya breki, mifuko ya hewa, gia, ufunguo, na kila kimoja kitakufa siku yake, kwa zamu, kama wazee wa ukoo.

Tufike kwenye jambo ambalo shemeji hapendi. Ana vyumba sita vya wageni. Anasema anahitaji gari la kuwapeleka watalii Kaole. Kaole! Kutoka hapa mpaka Kaole hata baiskeli isiyo na breki inafika. Dar mpaka Bagamoyo ni lami. Saadani wakati wa masika, sawa, udongo mweusi wa kule unahitaji gari la kweli, lakini wakati wa masika wageni wake wako kwao Ulaya. Escudo zima lingemtosha na chenji ikabaki. Hataki Escudo. Anataka shangingi. Anataka akifika msibani watu wasimame wapishe, mtoto aseme lile ni la baba fulani. Urefu ule kutoka ardhini ndio anaoununua, na mwenye gari Mbweni analijua hilo vizuri kuliko anavyojua kilicho ndani ya difu. Punguzo la bei halikuwekwa kwa ajili ya maji, shemeji. Limewekwa ili wewe usiulize.

Uamuzi wa kitivo ni huu. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda Mbweni bila kupiga simu, ili tukute injini baridi, haijapashwa moto wala kufukizwa. Tunaanza na kijiti cha oili, kisha nati za difu zote mbili, mbele ya mashahidi. Fundi umeme wa Tegeta anakuja na mashine yake kusoma kila kompyuta iliyomo. Nikibandua plastiki ya chini ya usukani nikakuta kijani kwenye vichwa vya waya, tunaaga, hatunywi hata chai. Kukiwa na udongo tu, na mwana akaapa mbele ya babake kwamba hakuwasha, tunaanza kuongea kuanzia milioni 11, na bado nitakuwa napinga.

Mwenye gari asijue tunakuja. Nimesema asijue. Dalali, simu hiyo iweke juu ya meza. Juu ya meza, nione kioo. Soma kwa sauti ulichoandika.