Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nakuandikia mapema, kabla kadi ya mwaliko haijakufikia, kwani ukishaikubali kamati ya skuli itakuwa imeshakodi maturubai. Utaratibu wetu hapa Pemba unaujua: wananchi hunyanyua kuta za madarasa kwa nguvu zao, Serikali huja kumalizia. Hapo katikati, kuta zikiwa zinanyeshewa, ndipo unapoalikwa wewe kuchangisha, na hakuna anayechangisha kama wewe. Viti, spika, jenereta, pilau, mafuta ya msafara, fulana zenye sura yako na bahasha za waandishi, vyote vinalipwa taslimu kabla hujashuka jukwaani. Kinachopatikana ni ahadi. Mwakilishi anaahidi mabati, mfanyabiashara anaahidi saruji, nawe kwa ukarimu wako unaahidi mara mbili ya wote, kisha unapigwa picha na hundi pana kuliko mlango wa darasa, ambayo hakuna benki yenye dirisha la kuipokelea. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutaja mdaiwa, na mara nyingi huwa ni skuli, kwa mwenye maturubai.

Sikulaumu wewe peke yako. Wakenya, walioifanya harambee kuwa wito wa taifa tangu uhuru wa 1963, walijenga kwa njia hiyo mamia ya skuli za sekondari, na anayelibeza hilo hajui historia. Lakini jukwaa lile lile likageuka mnada wa vyeo, hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikabidi imkataze mtumishi kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe mchango. Ukarimu wa majirani haukuhitaji sheria ya kuuzuia. Cheo kilihitaji.

Nasi tunacho cha kutoa, ila kina msimu wake. Tangu kimbunga cha 1872 kiangushe mikarafuu ya Unguja na kukinusuru kisiwa hiki, karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Mnunuzi kisheria ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali. Kituoni pana mizani, na mkulima anapewa fedha na stakabadhi. Kwa miaka mingi kilo ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 14,000. Kwa bei hiyo, kaya 200 zikitoa nusu kilo kila moja, skuli inapata shilingi 1,400,000 ambazo hazijatolewa pilau. Mbele ya hundi yako ni kitu cha kuchekwa, nakubali. Lakini zimeingia, zimeandikwa, na mwakani zinaweza kuingia tena. Mchango ukiitishwa karafuu zikiwa majamvini, mzazi anacho. Ukiitishwa tarehe uliyopata nafasi wewe, anakopa au anajificha.

Utaniambia mikarafuu ina inda, mwaka huzaa na mwaka hukataa. Kweli, na ndiyo maana fedha za msimu mkubwa hazifai kumalizwa zote mwaka huo huo. Utaniambia pia Micheweni kuna mawe kuliko mikarafuu. Hiyo ndiyo hoja nzito, kwani anayelima mwani au kwenda dago kuvua hana karafuu ya kupima. Basi mchango wake ufuate mauzo ya mwani na msimu wa samaki, ukikusanywa na kamati ya hapo hapo, kwa daftari linalobandikwa ukutani kila mtu alisome. Na utaniambia, kwa sauti ya jukwaani, kwamba elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bure Septemba 1964. Ilitangazwa, alhamdulillahi. Kwa hiyo asiyetoa asiguswe, wala mwanawe asirudishwe nyumbani, na Serikali isije ikauhesabu mchango wetu kuwa ni mabati iliyotuezekea yenyewe.

Kwa muda mrefu zaidi ipo njia ambayo wazee wa pwani waliitumia kwa misikiti na vyuo vya Kurani: wakfu. Mtu anatoa shamba, mazao yake yanahudumia jengo hata baada ya mwenyewe kuondoka duniani, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo ya kusimamia. Skuli yenye mikarafuu yake haimwaliki mtu. Najua kwa nini wazo hili halijawahi kukuvutia: mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, na muhula wa uchaguzi ni mitano.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mwaliko ukifika, ukatae kwa heshima. Thamani ya mafuta ya msafara wako iletwe kwa saruji, dukani kuna risiti. Na kama huna budi kuja, njoo msimu wa karafuu, siku ya kupima, upange foleni na nusu kilo yako. Viti havitakodiwa, na pilau hakuna.